Neno la Herufi Kumi na Mbili

Mwaka 1924 nilikuwa na miaka tisa. Baba alikufa mwezi wa mfungo, na kabla mwaka haujageuka mama aliolewa na mtu asiyetaka mtoto wa mwenziwe nyumbani kwake. Shida zangu zilianzia hapo. Aliyekuja kunichukua ni kaka yake mama, mjomba Kondo, mkulima wa Makurunge. Alikuja na punda wa kuazima, akanipandisha mimi, yeye akatembea.

Namtaja mapema msije mkaniuliza mbele ya safari huyu mjomba ni nani. Ndiye aliyenilea. Na ndiye niliyemkosesha shamba lake kwa neno moja la Kiingereza lenye herufi kumi na mbili. Nimekaa na jambo hilo miaka mingi kuliko umri wenu, vijana, na sasa naliandika kwa mkono wangu. Mkiona hati imepinda, vumilieni. Shule nilisoma miaka miwili tu. Mengine yote niliyapata kwa vidole.

Kazi yangu ilikuwa kupanga herufi katika kiwanda cha chapa cha Bwana Gulamu, hapa hapa Bagamoyo. Kiwanda ni jina la heshima. Kilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka lake la vyombo, na mashine moja ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani, ila hii ilikuwa na meno ya kung'oa kidole. Mimi hamnioni kidole kilichopungua kwa sababu nilikuwa na mwalimu. Jina lake Mzee Feruzi. Alijifunza chapa kwa mapadre tangu utotoni, na alipokuja kwa Bwana Gulamu alikuwa tayari mzee wa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

Ninyi mnaona kitabu kimechapwa mnadhani kimeota. Sikilizeni. Kila herufi ilikuwa kipande cha madini ya risasi, kidogo kama punje ya mchele iliyosimama. Unaichukua kutoka kwenye kasha lenye vyumba vyumba, unaisimamisha kwenye kifaa cha mkononi, halafu nyingine, halafu nyingine, mpaka mstari. Na zote zimegeuka, kulia kumekuwa kushoto. Mzee Feruzi hakuniruhusu kutazama kasha. Alinifunga macho kwa kitambaa, akasema, "Nipe M." Nikitoa N ananipiga rula. "M ni nzito, mjinga wewe. Ina miguu mitatu. Mwenye miguu mitatu na mwenye miwili wanalingana?" Baada ya mwaka niliweza kupanga ukurasa mzima huku nimefumba macho. Mpaka leo nikishika mchele huwa naupima.

Herufi ndogo za risasi zilikuwa nyingi. Tatizo lilikuwa zile kubwa za mti, za vichwa vya matangazo, ndefu kama kiganja. Bwana Gulamu alizinunua kwa mtu aliyefilisika Unguja, na hazikuwa kamili. O mbili, N mbili, T mbili, A mbili, I mbili. C moja peke yake, kama mtoto wa pekee. Na Kiingereza kinapenda herufi hizo hizo! Neno lao likishakuwa refu, mwisho wake ni T, I, O, N. Sijui ni nani aliwaambia. Kwa hiyo maneno marefu katika kiwanda chetu yaliishi kama wake wenza wenye kanga moja: huyu akitoka, yule hana budi kukaa ndani. Ukipanga REGISTRATION, yaani kuandikisha, hupangi EXAMINATION, yaani mtihani, mpaka la kwanza lipigwe chapa na kupanguliwa. ADMINISTRATION, yaani utawala, lilitaka I tatu, nasi tunazo mbili. Ya tatu tulisimamisha tarakimu ya moja tukaipaka wino mwingi. Mkubwa wa boma alilibandika ukutani kwake asijue kwamba utawala wake umesimama juu ya kiraka.

Maana hizi ninazowapa sikuzijua wakati ule. Hapo ndipo penye kidonda. Kiingereza sikukijua hata cha kuombea maji. Nilijua neno linakula herufi ngapi na litamnyima nani. Nikiletewa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, nafuata umbo kama mshona nguo anavyofuata chaki. Watu wa mtaa wetu wa Dunda walinipita dirishani wakaniona nimeinamia maneno yenye urefu wa mkono, wakasema, "Mshamu huyo, Kiingereza kimemwingia hadi kwenye mifupa." Nami nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ndiko kulikokuwa shahada yangu.

Mzee Feruzi aliniachia sheria mbili kabla macho yake hayajakufa kabisa. Ya kwanza: usipangue ukurasa kabla haujapigwa chapa, hata nyumba ikiungua. Ya pili aliisema huku akicheka, lakini mimi niliichukua kwa uzito: "Ukibanwa na kazi mbili, lipe kipaumbele neno refu. Neno refu lina mwenyewe mkubwa." Na kweli, kila neno refu lililoingia kwetu lilitoka bomani au kwa kampuni, na mafupi yalitoka kwa wauza sabuni. Nikaamini hivyo. Mtu asiyejua maana hana kipimo kingine ila urefu.

Basi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Bwana Gulamu alipata msiba Unguja, akaondoka Jumapili. Aliniachia funguo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Juu ya meza kulikuwa na kazi moja tu, tangazo la kampuni moja ya mkonge iliyopewa ruhusa ya kupitisha barabara ya malori. Aliniambia, "Mshamu, hili kwanza. Alhamisi tarishi atakuja kulichukua. Umesikia?"

"Nimesikia, bwana."

"Alhamisi."

"Bwana, nina masikio mawili."

Jumatatu nilipanga. Kichwa chake kwa herufi za mti: COMPENSATION. Herufi kumi na mbili. Chini yake maandishi madogo, maili ya ngapi hadi maili ya ngapi, siku, saa, mahali. Kiingereza kitupu. Tangazo la namna hiyo lilikuwa likipelekwa vijijini siku ya gulio, likibandikwa kwenye ukuta wa duka, na karani akisimama chini yake kuwafasiria watu. Jina la Makurunge halikuwamo. Lingekuwamo ningelisoma, maana jina la kwetu nalijua hata limegeuzwa.

Jumanne mjomba Kondo akaja mjini. Alikuwa ameniletea nazi kumi ndani ya kikapu, na alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne, kwa ajili ya kuingia kazini kwangu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo hapa?"

"Ndiyo hapa."

Akazunguka chumba mikono ameifunga nyuma, kama mtu aliye msikitini pa watu wengine. Akafika mezani. Herufi zile za mti zilikuwa zimekwisha kazwa ndani ya fremu ya chuma, zimekaa sawasawa, nyeusi, zinang'aa. Akanyoosha kidole akaigusa O.

"Wewe umezipanga?"

"Mimi peke yangu."

"Mashaallah. Inasema nini?"

Vijana, nimewahi kuulizwa maswali mengi maishani, na polisi wamewahi kuniuliza mawili matatu. Hakuna lililonipata kama hilo. Ningeweza kusema sijui. Ni neno dogo, silabi tatu, halina hata herufi ya kugombea. Lakini mjomba alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa. Alikuwa amewaambia watu wa kwetu kwamba mtoto wake anasoma Kiingereza kinyumenyume. Nikainua kichwa nikasema:

"Mambo ya Wazungu hayo, mjomba. Mazito. Hutayaweza."

Akarudisha kidole chake haraka, kama aliyeguswa na moto. "Haya, haya. Kila mtu na yake." Akanywa maji, akaniombea dua, akaondoka kuwahi njia. Kidole chake kilikuwa na wino, na alikwenda nao hivyo hivyo Makurunge, sikumpa hata kitambaa.

Jumatano asubuhi akaingia tajiri mmoja wa nguo, Bwana Hirji, rafiki wa Bwana Gulamu. Mwanawe alikuwa amefaulu masomo ng'ambo na anarudi. Meli imefika Dar es Salaam, kijana atakuwa Bagamoyo kesho yake. Alitaka mabango makubwa ya kubandika mtaa mzima, leo hii.

"Leo haiwezekani, bwana. Herufi zina kazi."

"Kazi ya nani?"

"Ya kampuni."

"Kampuni iko wapi? Mimi niko hapa." Akaweka karatasi mezani. "Wewe ndiye fundi, Gulamu kila siku anakusifu. Anasema Mshamu hashindwi. Sasa unashindwa?"

Nikaitazama karatasi. Neno moja: CONGRATULATIONS. Nikalihesabu. Kumi na tano. Nikalihesabu lile la mezani. Kumi na mbili. Lilitaka O zote mbili, N zote mbili, A na T zote, na C ile ya pekee. Nikasikia sauti ya Mzee Feruzi ikinicheka sikioni: neno refu lina mwenyewe mkubwa. Nikajiambia, lile la kampuni nitalirudisha kesho alfajiri, tarishi hatajua. Nikalegeza skrubu za fremu.

Mabango ya Hirji yalikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizopata kufanya. Wino mwekundu, pembe zimenyooka. Alinipiga bega mbele ya watu. Lakini katika kupiga chapa kwa haraka, peke yangu, rola ya mpira ya kupakia wino ilipasuka. Na rola haishonwi. Alhamisi tarishi alikuja, akakuta mashine imelala tumbo wazi. "Mshamu, karatasi zangu?" Nikamwambia njoo Jumatatu. Akaenda zake akipiga mluzi. Kwake yeye ilikuwa mapumziko.

Gulio la Jumapili likapita bila tangazo. Rola ya kuazima ilifika Jumatatu, nikapanga upya, nikachapa, tarishi akachukua. Bwana Gulamu aliporudi hakuona lolote ila rola. Aligomba kwa ajili ya rola.

Jumapili iliyofuata mtu alikuja mbio kutoka Makurunge. "Mjomba wako anakatiwa minazi."

Nilikwenda kwa miguu bila kusimama. Nilipofika penye gulio nikakuta watu wamejaa mbele ya duka, na ukutani neno langu, jeusi, zuri, limesimama kama askari. Karani alikuwa chini yake.

"Maana yake fidia," alikuwa akisema. "Kila mwenye shamba ambalo barabara itapita, afike mbele ya mpimaji na mashahidi wawili, ataje mipaka yake, apewe kipande kingine cha ardhi kando ya mto."

"Lini?" mtu akauliza.

"Jumatano."

"Jumatano ijayo?"

Karani akaisogelea karatasi akaisoma tena, ingawa alikwisha isoma. "Jumatano iliyopita."

"Sasa mbona mnatwambia leo?"

"Karatasi imenifikia juzi, ndugu yangu. Mimi sichapi, mimi nasoma."

Mikono yangu ilikuwa na wino. Nikaiingiza ndani ya mikono ya kanzu. Wenye mashamba ya karibu na boma walikuwa wamekwisha sikia habari kwa mdomo, wakaenda, wakapewa. Wa mbali hawakusikia. Mjomba alikuwa wa mbali. Nilimkuta amekaa juu ya gogo la mnazi wake mwenyewe, mashoka bado yanalia kule mbele. Aliponiona alisimama kunipisha nikae.

"Umefanya vizuri kuja, mwanangu," alisema. "Ungekuwa wa kwanza kujua, wewe mtu wa karatasi. Lakini tangazo limechelewa, wanasema. Nani wa kumlaumu?"

Sikusema kitu. Shahada yangu ile ile.

Mjomba alihamia Saadani, kwa ndugu wa marehemu mkewe, akawa anageuza samaki juani kwenye vichanja. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akisema samaki ananuka hata akiwa hai. Mimi nikabaki na kiwanda. Mzee Feruzi akafa. Nikaoa, na mke wangu, mtu mwema, alivumilia miaka minne kisha akaniambia, "Mume wangu, wewe umeoa kasha." Akarudi kwao na hakukosea. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimechoka kusema kabla sijasema neno. Mtu akificha jambo moja analazimika kuficha na mengine yaliyokaa jirani nalo, na mwisho nyumba nzima inakuwa stoo.

Hapo ndipo nilipoanza daftari. Niliapa sitapanga tena neno refu bila kujua maana yake. Nilimuuliza karani wa posta, nikawauliza watoto wa shule wa darasa la sita, nikamuuliza hata binti mdogo wa Bwana Gulamu, aliyekuwa akinicheka huku meno yake mawili ya mbele hayajaota. "Mshamu mzima hujui?" "Sijui, bibie, nifundishe." Mara ya kwanza neno hilo lilinikwama kooni kama mfupa. Mara ya kumi likapita. Niliyaandika maneno kwa kufuata herufi yanazogombea, kama tulivyoyafahamu kiwandani. TRANSPORTATION, usafirishaji, lenye kula T tatu. DEMONSTRATION, kuonyesha watu kwa vitendo. ISOLATION, kumtenga mgonjwa akae peke yake. Hilo nililipanga wakati wa ndui, nikalijua kabla sijafasiriwa. CONSTIPATION lilikuja kwa muuza dawa, nalo maana yake kufunga choo. Herufi zake kumi ni zile zile za fidia, zinatofautiana mbili mbili tu. Nilicheka peke yangu siku hiyo, nikatafuta wa kumwambia, sikumpata. Na yapo mawili, CONVERSATION na CONSERVATION, mazungumzo na kuhifadhi kitu, ambayo herufi zake ni zile zile. Ukilipangua moja, unalipanga la pili, hakuna herufi inayobaki mezani. Mimi nilikuwa fundi wa hilo la pili.

Baada ya miaka sita nikaenda Saadani. Siku mbili kwa miguu, mto Wami nikauvuka kwa mtumbwi wa mtu aliyenilaani kwa kuwa mzito. Mjomba alikuwa kwenye vichanja, amekonda, kashika majani ya kufukuzia nzi. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwambia yote nimesimama: neno, Jumanne, Jumatano, bango la Hirji, rola. Hakuacha kugeuza samaki.

Nilipomaliza alisema, "Kwa hiyo siku ile nilipokuuliza, hukujua."

"Sikujua, mjomba."

"Hukujua kabisa?"

"Kabisa."

Akageuza samaki wawili zaidi. "Ungesema hujui, mwanangu. Tungekwenda wawili kumuuliza karani. Boma si pale tu?"

Pale tu. Mwendo wa kunywa maji na kurudi. Katika miaka sita nilikuwa nimejiandalia majibu ya kila neno atakalosema: akinilaani, akinifukuza, akilia. Hilo sikuwa nimejiandalia.

Kisha akauliza, "Na lile refu la tajiri, maana yake nini?"

"Hongera."

Alinitazama. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikilia kichanja, akakohoa, wanawake waliokuwa wakipara samaki wakageuka kutazama. "Hongera!" akasema. "Minazi yangu imekatwa kwa ajili ya hongera!" Nikamwomba arudi nami Bagamoyo, nina chumba. Akakataa. Hakukataa kwa hasira. Alisema amekwisha zoea harufu, na mtu akizoea harufu ndiyo kwao. Tangu siku hiyo kila nilipokwenda kumwona alinipokea kwa neno moja: "Hongera, mpiga chapa." Nikamwitikia, "Ahsante, mjomba." Nilikwenda mara tano. Ya sita nilikuta kaburi.

Bwana Gulamu alifunga kiwanda mwaka 1958, mashine ikauzwa kwa kilo. Sasa vijana mnapita hapa na shahada zenu, nami nawaona mnavyoitikia kwa kichwa mkisomewa jambo msilolielewa. Nalijua itikio hilo. Mimi ndiye fundi wake.

Mkitaka kujua nimevuna nini, ni hivi. Nyumba ya vyumba viwili, Dunda, bati juu, nimejenga mwenyewe. Kitanda cha kamba. Miwani moja. Daftari lenye maneno mia tatu na kumi na maana zake. Kasha la herufi za mti, O mbili, N mbili, C moja. Mnazi mmoja uani, uliotokana na nazi moja ya mjomba iliyobingirika chini ya meza ya karatasi kiwandani siku ile ya Jumanne, ikachipua bila mtu kuiona. Viti viwili. Nakalia kimoja.